Mhandisi Aliyenitoa Mtaroni na Waliomsukuma Benki

Udongo ulinifika shingoni. Mkono mmoja ulikuwa nje, wa pili sikujua uko wapi. Kila nilipotoa pumzi mchanga ulijisogeza, ukachukua nafasi ambayo kifua kiliiacha, na pumzi iliyofuata ikawa ndogo zaidi. Nikajaribu kuibana pumzi isitoke. Mtu hawezi. Kushoto kwangu, mahali alipokuwa amesimama shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hapakuwa na kichwa wala mkono wala koleo. Palikuwa na mchanga tu, umetulia, kama haujawahi kusogea tangu dunia iumbwe.

Juu watu walikuwa wanapiga kelele, wengine wanalia. Nikasikia kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kinawashwa. Nikasikia sauti ya mkandarasi: "Mpitisheni kamba kwapani! Tunamvuta na kijiko!"

Nilifurahi. Sikujali kama natoka mzima au nusu, nilitaka kutoka.

Ndipo nikasikia sauti ya yule msichana, mhandisi wetu aliyekuwa anasimamia kazi: "Zima! Zima hiyo mashine! Ukitaka kuisogeza, nikanyage mimi kwanza!"

"Dada, mtu anakufa hapa," mkandarasi akasema.

"Atakufa kwa mtikisiko wako! Ukuta wa pili huo unaning'inia. Na ukimvuta unamkata kiuno. Zima!"

Ikazimwa. Akawageukia watu, akasema jambo ambalo wengi walidhani amechanganyikiwa. "Nileteeni milango. Ng'oeni milango ya nyumba zenu. Na mabenchi ya kanisani. Kimbieni!"

Wakakimbia. Mpaka leo nikipita kijijini nikaona mlango una bawaba mpya, huwa nauamkia kimoyomoyo.

Milango ikashushwa, ikaegemezwa kwenye kuta za mtaro, mabenchi yakakazwa katikati, na yeye mwenyewe akashuka. Hakumtuma mtu. Jembe alilikataa lisije likanikata. Alichota mchanga kwa sufuria na kwa mikono, akawa anawapokeza wanaume waliojipanga nyuma yake. Na huku anachota, ananichokoza.

"Mgogo, umelala?"

"Sijalala."

"Usilale. Ukifa leo, kule mjini nani atabaki kuomba?"

"Mla... mbwa."

"Nani? Sikusikia. Wagogo mnaongea kama mmekula mlenda wa jana. Rudia."

Nikarudia. Kila tusi nililomrudishia lilikuwa pumzi niliyoitafuta kwa nguvu, na nadhani hilo ndilo alilokuwa analitaka. Hewa iliponigusa kifuani nilijua nitaishi. Shemeji yangu walimtoa baadaye. Yeye hakuna aliyemchokoza.

Sasa nirudi nyuma, maana nimeanzia pabaya.

Mimi ni mkulima wa Mlali. Karanga, mtama, alizeti mvua ikikubali. Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma nasoma na kuandika naandika, na haya nayaandika mwenyewe kwa sababu nimechoka kuyasikia yakisemwa na watu ambao hawakuwepo. Ulipokuja mradi wa maji, wa kulaza bomba kutoka kisimani hadi upande wetu, tulichukuliwa vibarua tukachimbe mtaro. Kazi ilikuwa ya kawaida mpaka tulipofika korongoni. Pale bomba lilitakiwa lipite chini kabisa, mvua zikija maji yasilichukue. Mtaro ukashuka mpaka mtu mrefu akinyoosha mkono hafiki ukingoni. Na udongo wa korongo mnaujua, mchanga mtupu, haushikani.

Ofisi iliyokuwa inasimamia mradi ilimleta huyo binti. Alikuja juu ya bodaboda, kofia ngumu mkononi, buti zinampwaya, ametoka chuo kikuu juzi tu. Akatuamkia shikamoo mmoja mmoja. Shemeji akamuuliza, "Mwanangu, kwenu wapi?"

"Iringa."

"Iringa ya Wahehe?"

"Ya Wahehe wenyewe."

Jamani! Kazi ilisimama. "Fungieni mbwa!" shemeji akapiga kelele. "Mla mbwa kaingia kijijini!"

Naye hata hakupepesa macho. "Mbwa wenu wamekonda kama wenye mbwa. Nani awale?"

Kwa asiyejua, Mgogo na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana, sisi tukarithi kutukanana: wao wala mbwa, sisi ombaomba wa mjini. Mtani akikwambia mjinga, unacheka. Akibeba kuku wako, unacheka. Tangu siku hiyo haikupita asubuhi bila matusi, na sisi tukampenda kama wa kwetu. Alishuka mtaroni nasi, akapima, akapanda, mchana akanawa akala ugali wa uwele kwenye sinia moja na vibarua. Na kazi yake aliipenda. Akikueleza maji yatakavyosukumana ndani ya bomba mpaka yapande kile kilima, utadhani anasimulia harusi ya dada yake.

Tulipokaribia korongo akaanza kumwambia mkandarasi habari ya mbao. Kuta za mtaro mrefu namna ile huegemezwa kwa mbao na miti, na udongo unaotolewa humwagwa mbali. Mkandarasi akasema mbao zipo njiani. Na kweli zilikuja, tulizishusha sisi wenyewe kwenye gari lake. Kesho yake zikapaua stoo yake ya saruji, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na saruji haitaki maji. Huyo ndiye wa kwanza kati ya waliomsukuma.

Binti akampigia simu bosi wake. Tulikuwa tumekaa pale pale, na ile simu ilikuwa inapaza sauti, kwa hiyo tulimsikia bosi kama yuko nasi: kazi isisimame, wageni wanakuja kuutazama mradi, yeye aendelee kuwashauri. Kuwashauri! Huyo ndiye wa pili.

Usiku mmoja mvua ikanyesha. Asubuhi tukashuka kama kawaida, mimi na shemeji mbele. Binti alipofika na kuona tuko chini, alikuja mbio mpaka ukingoni. "Ninyi Wagogo, tokeni humo! Tokeni, mtazikwa bila jeneza!"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Tulicheka. Huyo alikuwa mtani wetu, na kutishiana kifo ndio utani wenyewe. Shemeji akajibu bila kuinua kichwa, "Ukitaka kutuzika, njoo na mbuzi!"

"Baba zangu, sitanii!"

"Hee! Leo Mhehe hatanii! Hebu mtu akahesabu mbwa!"

Alikuwa ameshaikamata ngazi ili ashuke kutuvuta mikono, ndipo ukuta ukaja. Haukulia, haukupasuka. Ulikaa chini tu, kama mtu aliyechoka kusimama.

Nimeliwaza jambo hili kitandani mpaka nimelichakaza. Kucheka hatukukosea, na yeye kututania hakukosea. Ile njia aliyoitumia kutuambia ndiyo pekee aliyokuwa nayo, na tulikuwa tumeizoea kuwa ya furaha.

Nililazwa Dodoma mjini, nyonga imevunjika na mbavu pia. Wauguzi walinigeuza kama mtoto mchanga, bila kukunja uso, Mungu awaweke. Kwa hiyo shemeji alizikwa mimi sipo, na yaliyotokea makaburini nimesimuliwa na mke wangu.

Ofisini walimkataza binti kwenda msibani. Walisema jambo bado linachunguzwa. Akaenda. Mkandarasi naye alikuwepo, amekuja na mchele na sukari, amepewa kiti cha mbele. Jeneza lilipokaribia, binti akafanya wanachofanya watani: akarukia kaburini, akaketi. "Hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe!" Watu wakaanza kutabasamu na machozi yao, maana mtani kazi yake msibani ni hiyo, kuipumzisha mioyo. Kisha, anasema mke wangu, akawa anazipapasa kuta za kaburi taratibu, upande huu na upande huu, kama alivyokuwa anapapasa mtaro.

"Nani kachimba hapa?" akauliza.

Vijana wakajibu, "Sisi."

"Mmechimba vizuri. Kuta zimesimama. Udongo mmeuweka mbali na mdomo, kama nilivyomwambia yule baba aliyekaa pale mbele. Mtani wangu angechimbiwa mtaro kama mlivyomchimbia kaburi, saa hizi angekuwa anakula ugali."

Kicheko kilianza, kikakatika. Mke wangu anasema ndipo yeye mwenyewe alipolia kweli, kwa mara ya kwanza tangu apewe habari. Binti akapandishwa juu, wakampa kuku wake kama mila inavyotaka, na maziko yakaendelea. Kwetu hakuna anayemshtaki mtani kwa neno alilolisema kaburini. Lakini mkandarasi hakuwa wa mila yetu. Aliondoka kabla ya chakula, na siku iliyofuata bosi alikuwa na kila neno.

Binti alikuja kuniona wodini pamoja na kijana mmoja waliyesoma naye. "Ningekuletea ulanzi, pombe yetu ya mianzi, Mgogo," akasema, "nesi kanikatalia mlangoni." Yule kijana alikuwa nadhifu, shati limechomekewa, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Alisomea uhandisi kama yeye ila alikuwa anafanya kazi benki. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Mzee, huyu alikuwa ananipita mbali kwenye hesabu," akasema. "Lakini mimi nilifungua macho mapema. Injinia akitoka chuo anapewa vumbi na mkataba wa miezi. Benki anapewa kiti na mshahara unaoeleweka. Nimemwambia aje, wanatupenda sana sisi."

"Wanawapendea nini? Mnawajengea?"

"Hatujengi. Tunawapimia hatari."

"Hatari gani sasa, ndani ya benki?"

"Ya mkopo kutorudi."

Binti alikuwa ameelekea dirishani, anatazama majengo yale mapya yanayoota mjini kila kukicha. Akauliza bila kugeuka, "Na ukiwaambia hatari ipo, wanafanyaje?"

"Wanasimama. Hela haitoki."

"Wanasimama hivyo hivyo? Kwa neno lako?"

"Ndiyo kazi waliyoniajiri."

Wakaondoka. Mimi nilibaki nalo. Kumbe wapo watu ambao binti kama yule akiwaambia simameni, wanasimama. Ila wanalinda hela.

Mkataba wake ulipoisha haukuongezwa. Hakufukuzwa, hapana, wale wana akili. Walimwambia tu kwamba alizoeana mno na vibarua, ndiyo maana hawakumtii siku ile. Yaani ule upendo wetu, ile sinia moja, wakaigeuza kosa, na kosa wakamvisha yeye. Mbao hazikutajwa. Ile simu haikutajwa.

Niliporudi nyumbani, natembelea fimbo, alitufuata Mlali. Tulikuwa uani tunabangua karanga. Akajivutia kigoda, akatia mikono kwenye ungo, akabangua nasi.

"Nimekuja kuaga," akasema. "Au kuuliza. Sijui lipi."

"Uliza basi," mke wangu akasema.

"Benki wameniita. Na kuna kazi nyingine ya kusimamia mabomba, upande wa Mpwapwa. Mkataba mfupi tena, chini ya bosi yule yule. Kanisamehe, anasema." Akacheka. "Mtani, niende wapi?"

Mimi nikaropoka. "Utaacha kazi uliyoisomea ukakae kuhesabu hela za watu? Na mtaro unaofuata ataangalia nani? Si nasikia yule mkandarasi kapata kazi nyingine huko huko Mpwapwa, Kibakwe milimani? Wataingizwa watu kama sisi. Nani atawaambia zimeni mashine?"

Mke wangu akauweka ungo chini. Namjua, akiweka kitu chini hivyo lazima usikilize. "Wewe unamtaka abaki awe ngao yako. Amekutoa, haitoshi? Akae kwenye kila mtaro wa nchi hii anasubiri kufukua watu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo. Aliyekufa ni kaka yangu mimi. Mwanangu, nenda benki. Kaa kivulini, upate mshahara wako, ulale usingizi."

"Mama, mimi mabomba nayapenda," binti akasema. "Ningekuwa siyapendi ningeshaondoka zamani. Siku ile ningekuwa na nguvu ya kusimamisha kazi, ningeisimamisha kabla hamjashuka. Nilikuwa na mdomo tu. Na mdomo wangu mlikuwa mmeuzoea."

Kuku waliingia kwenye karanga, hakuna aliyewafukuza.

Nilimtazama yule mtoto wa watu. Nikajiuliza, akienda Mpwapwa na mdomo ule ule, itakuwaje? Siku moja atasimama ukingoni mwa shimo jingine, atapiga kelele, na wakubwa watakuwa wamemwambia ashauri tu. Kumwomba abaki bila kumpa nguvu ni kumwomba akae atazame. Na akitokea tena mtu wa kufukiwa, wataandika kosa ni lake. Nikasema, "Nenda benki." Lilinitoka kwa maumivu kama jino.

"Unanifukuza, Mgogo?"

"Nakufukuza. Umetumalizia mbwa."

Akacheka huku anajifuta machozi kwa kiganja chenye maganda ya karanga. Mke wangu akamfungia mfuko aende nao, na zaidi ya nusu ya karanga za siku ile zilipanda bodaboda.

Yuko mjini sasa, ghorofani. Ananipigia simu Jumapili. "Shikamoo, Mgogo. Bado unaomba?" "Marahaba, mla mbwa. Umeshiba?" Anasema yuko salama, anatuma nyumbani, wenzake wanamheshimu. Namwamini. Lakini siku moja nilipoenda kliniki alinisindikiza kwa miguu, tukapita mahali vijana wanachimba mtaro kando ya barabara. Akasimama. Akazitazama kuta zao, udongo wao, mpaka kijana mmoja akamuuliza, "Dada, umepoteza kitu?" Akasema hapana, tukaendelea.

Vijiweni nasikia watu wakiwalaumu hawa vijana, eti serikali inawasomesha uhandisi kisha wanakimbilia benki kwa tamaa. Zamani ningeitikia. Sasa huwa nauliza, mmemwona hata mmoja akikimbia, au mmeona tu alipofika? Huyu wa kwetu alisukumwa, na mimi namjua kila aliyemsukuma.

Mimi moyoni nimejaa shukrani, asije mtu akasema nimejaa chuki tu. Nawashukuru wazazi wake kule Iringa ambao sijawaona, waliomwacha mtoto wa kike asome mambo ya mabomba. Nawashukuru walionipa milango yao wakalala wazi. Maji yamefika, yanapanda kile kilima kama alivyosema, na kila asubuhi mke wangu akirudi na ndoo nakunywa kikombe kizima, taratibu, nikiisikia pumzi inavyoingia na kutoka bila kuzuiwa na kitu. Hata benki nawashukuru. Wao angalau walimpa kiti, na akisema simama wanasimama.

Lakini shukrani zangu hazimlipii mtu mwingine. Wewe mkandarasi, ulipata mbao ukazipandisha kwenye paa la saruji, na sasa uko Kibakwe unachimba. Wewe bosi, ulimwambia ashauri, kisha ukamwambia hakutiiwa. Pole zenu nilishazipokea hospitalini, nyingine sizihitaji. Njooni Mlali, mchana kweupe, kwenye mkutano wa kijiji. Mke wangu atakaa mbele, mimi pembeni yake. Msimtume karani wala msimtume mwanasheria. Simameni wenyewe mtujibu: kwa nini aliyetufukua ndiye mliyemwondoa kwenye kazi, na aliyetufukia akapewa kazi nyingine? Nani kati yenu anajibu?